Nusunjia: Funda la Shangazi Margaret

Kwa wale mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza kwa sababu muuza maandazi amewafungia na gazeti: mimi ni Mkamburi, mwenye Hoteli ya Nusunjia hapa Voi, upande wa stesheni ya zamani. Nimeshapoteza paa kwa upepo, tangi la maji kwa ndovu, na mume wangu Titus kwa misumari. Alikwenda Mwatate kununua misumari ya kurudishia paa. Nasikia misumari hiyo ina kiuno kizuri na duka la vitambaa.

Wiki iliyopita niliwaacha pale ukoo wetu ulipokuwa ukitoa hukumu. Wakubwa walikaa, wakanywa chai yangu, wakala mkate wangu, kisha wakaamua hivi: Shangazi Margaret asiposafisha moyo wake juu ya hoteli hii kufikia Jumamosi, Jumatatu inauzwa kwa Bwana Kaveke. Naye ataibomoa ajenge godauni la saruji. Shangazi akisafisha moyo, hoteli ni yangu na asiyetaka akae kwao.

Najua wasomaji wa mijini mtauliza: moyo wa bibi mmoja wa Bura unahusiana vipi na hoteli ya Voi?

Unahusiana. Kwetu Udawida, yaani huku Taita, hasira ya mkubwa haiombewi msamaha kwa simu. Inatolewa kwa mdomo, mbele ya watu. Mwenye kinyongo anachukua funda la mbangara, pombe yetu ya miwa, anaipuliza kama mvua ya rasharasha, na kutamka heri. Huko ndiko kutasa. Ukipuliza na kutamka uongo, ulichokibariki kinakauka, na wewe unakauka nacho. Ndiyo maana hata walevi hawaifanyii mzaha.

Shida ni kwamba Shangazi ameokoka. Tena hakuokoka kidogo. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaozunguka Bura nzima wakimwaga pombe za watu.

"Mbangara haitagusa ulimi wangu," aliniambia kwenye simu.

"Shangazi, hata kama ni ya kutema?"

"Hata kama ni ya kunawia miguu."

Tukaokolewa na Mzee Sylus wa Mghange, juu mlimani kwenye baridi, ndugu wa babu aliyebaki. Yeye alisema wazee wa zamani walitasa hata kwa maji ya miwa mabichi, yaliyokamuliwa tu, matamu, yasiyo na dhambi. Atayakamua mwenyewe na kuyateremsha. Shangazi akakubali. Mimi nikalia kwa furaha. Ningejua, ningeweka akiba ya machozi.

Basi Jumamosi hiyo ikafika.

Mzee Sylus alikuwa amewasili tangu Ijumaa na jerikeni lake, akalala chumba namba tatu, ambacho ndicho chumba pekee chenye paa la kuaminika. Asubuhi alilalamika kwamba Voi kuna joto. Nikamshukuru kwa habari hizo mpya.

Binamu yangu Phineas naye akaja, na miwani ya jua juu ya kipara. Huyu ndiye aliyemleta Kaveke kwenye ukoo. Anasema ni kwa mapenzi ya maendeleo.

"Sistee, usijitie presha," akaniambia, akikalia kiti changu cha kaunta. "Hii dili imeshaiva. Wewe utatafutiwa kibanda cha chipsi."

"Asante, Phineas. Na wewe utatafutiwa kazi lini?"

Nje, Bwana Kaveke alikuwa anapima kuta kwa tepu ya fundi. Si mtu mbaya. Ana adabu kabisa. Kila alipopita dirishani aliinamisha kichwa na kusema, "Endeleeni, endeleeni, msinione." Kama fundi wa majeneza anayempima mgonjwa huku mgonjwa anakunywa uji.

Shangazi Margaret aliingia mwisho. Kanga mabegani, fimbo mkononi, na nyuma yake Elsie, katibu wa akina mama, amekumbatia Biblia kama mtu aliyeambiwa kuna wezi. Shangazi hakuwa amekanyaga Nusunjia tangu kabla sijazaliwa. Alisimama mlangoni. Akaangalia kaunta. Akaangalia rafu za chupa, zile chache zilizobaki.

"Mmeihamisha kengele," akasema.

"Kengele gani, Shangazi?"

Akaketi.

Mzee Sylus akasafisha koo. Anapenda kusafisha koo kuliko anavyopenda kuongea. "Hasira haitoki," akasema, "mpaka ioneshwe mlango ilioingilia. Tuanze na wenye hoteli wote, mmoja mmoja. Mkamburi, wewe ndiye mwenye nyumba. Sema."

Mimi hii historia naijua. Nimewauzia watalii kwa miaka. Nikasimama wima.

"Hoteli hii ilijengwa na muungwana wa Kiingereza, Bwana Tomlin, mpenzi wa maua na..."

"Muungwana?" Shangazi akanikata. "Tomlin?"

"Ndivyo tunavyosema kwa wageni."

"Mimi si mgeni. Anza tena."

Nikaanza tena. Tomlin alikuja na reli, kabla ya vita vya Wajerumani. Alitazama Voi, akaamua kwa akili zake kwamba hapa ni katikati kabisa ya safari ya Mombasa na Nairobi. Hakuangalia ramani. Akajenga vyumba sita na baa, akaiita Nusunjia, na tangu siku hiyo hoteli yetu imeitwa jina la hesabu iliyokosewa.

"Abiria walikuwa wanashuka hapa kula chakula cha jioni," Mzee Sylus akaongeza. "Treni inawangoja."

"Mpaka treni ikaanza kubeba jiko lake," akasema Shangazi. "Halafu Tomlin akabaki na supu."

"Na kile kibao cha mlangoni," nikasema.

Kibao hicho kilikataza mbwa na Waafrika, kwa mpangilio huo, mbwa kwanza. Babu yangu Mwandawiro, aliyekuwa mpishi, alikuwa anazunguka nyuma kila asubuhi kwenda kuwapikia watu ambao wangezimia wakimwona sebuleni. Supu yake ilipita mlango wa mbele. Yeye hapana.

"Tomlin alikufaje?" akauliza Elsie, kwa matumaini. "Simba?"

Kila mtu anatamani simba. Watalii pia. Nawaonea huruma.

"Hakuna simba aliyemtaka," Shangazi akasema. "Alikunywa stoku ya baa yake mwenyewe. Alikuwa mteja wake bora mpaka mwisho."

"Bwana asifiwe," akasema Elsie, sijui kwa lipi.

Baada yake akaja Fonseka, Mgoa, na mkewe na piano. Mke akipiga piano Jumapili, Fonseka analia kwenye kaunta akikumbuka kwao, ambako hakuwahi kufika. Huyo alikuwa mtu wa watu. Uhuru ulipokaribia alikitoa kibao, akamwambia Babu apite mbele. Kisha wakahamia Kanada, wakamwachia Babu hoteli. Piano ilikataa kwenda. Mpaka leo ipo, na kuku wangu mmoja hutagia ndani yake, ndiyo maana kila asubuhi tunasikia noti moja tu.

"Na Babu alikifanyia nini kibao?" akauliza Phineas, akijifanya anajali.

"Alizibia tundu la banda la kuku," akasema Shangazi. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulitaka kucheka. "Mbwa walikuwa hawaingii. Kwa hiyo kilifanya kazi."

Tukacheka wote. Hata Kaveke alicheka, nje huko, mpaka tepu ikamponyoka ikajikunja kwa kelele. Nikajiambia: Mkamburi, mambo yanaenda. Mungu anakupenda. Mnaona nilivyo mjinga.

"Sasa," akasema Mzee Sylus, kwa sauti ya chini. "Mwandawiro."

Kicheko kikaisha.

"Baba alinipa kaunta," Shangazi akasema. "Nilikuwa msichana. Watu walisema Mwandawiro amechanganyikiwa, anamweka binti mbele ya walevi. Akawaambia, kanywieni kwingine. Hawakuondoka. Walikuja wa reli, wa mashamba ya katani, makarani, maaskari. Nilikuwa na kengele hapa, ukutani. Wakianza kugombana napiga mara moja. Nikipiga mara ya pili, wote nje, na aliyevunja chupa anafagia. Nimewahi kumfagisha inspekta."

"Inspekta!" Elsie akasahau kwamba anapinga baa.

"Na kofia yake kichwani."

Nyinyi wasomaji mnajua ninavyojisifu hapa kila wiki kwamba mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuiendesha Nusunjia. Basi, niruhusuni ninyamaze kidogo.

"Halafu Crispus akarudi kutoka Mombasa," akaendelea.

Crispus ni baba yangu. Alirudi na suruali ya upana wa mlango na hakuna kingine.

"Ilikuwa Jumamosi kama leo. Baa imejaa. Baba akaingia na Crispus, akasema mbele ya wote: Margaret, mpe mdogo wako funguo. Basi. Hakusema asante. Hakusema kwa nini. Nilikuwa napangusa glasi." Alitazama mikono yake. "Sikuimaliza. Nikaiweka chini, nikatoa funguo, nikatoka. Mwezi huohuo nikaolewa Bura."

 

Mengine mnayajua, nimeyaandika. Baba alifuata nyayo za Tomlin, akawa mteja wake bora. Baba mdogo, mzazi wake Phineas, akaikodisha mpaka madirisha. Kisha mimi, na upepo, na ndovu, na misumari. Treni mpya nayo ikajengewa stesheni yake huko mbali, wasafiri wakatupita kwa kasi wakitupungia. Kila aliyeshika funguo hizo zimemuunguza.

"Shangazi," akasema Phineas, kwa upole wa mtu anayeuza shamba la mwenzake, "uchungu kama huo hautoki kwa juisi. Tuuze tu. Upumzike."

"Nani amekuambia nimechoka?" Shangazi akamgeukia Mzee Sylus. "Nimeizungumza, sasa nataka kuitoa. Nimeibeba imekuwa nzito. Na huyu mtoto wa Crispus, hata kama anaongea sana, hajanikosea yeye. Leteni hayo maji ya miwa."

Nikakimbilia namba tatu.

Jerikeni lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa ndani ya blanketi mbili, kama mtoto mchanga. Nikalifungua. Lilikuwa limevimba tumbo.

Mzee Sylus alikuwa amenifuata. Nikamnong'oneza, "Mzee, blanketi za nini?"

"Yasipate baridi."

"Baridi? Voi?"

"Kwetu Mghange ukiacha maji ya miwa nje usiku, asubuhi yamepoa hayana ladha. Mimi kila siku nafunika." Akajivuna. "Na jana mchana niliyaweka dirishani, yapate jua kidogo."

Nikazungusha kifuniko. Jerikeni likapumua. Lilipumua kwa muda mrefu, kama mtu aliyevua viatu vya harusi. Na harufu ikanipanda.

Hapa ndipo nawaungamia. Nimekulia nyuma ya kaunta. Sihitaji kuonja. Maji ya miwa yanayotoka baridini na kulazwa kwenye joto la Voi, ndani ya blanketi, baada ya jua la dirishani, si maji ya miwa tena. Ile ilikuwa mbangara. Imechacha sawasawa, changa bado, lakini mbangara.

Ningesema. Ningerudi ukumbini niseme, samahani jamani, imeharibika, tuahirishe. Lakini nje tepu ya Kaveke ililia tena, trrrk, na Phineas alikuwa anaangalia saa. Jumatatu haikuwa inaahirishwa. Na Shangazi alikuwa ametamka kwa mdomo wake kwamba leo anaitoa. Nani aliwahi kumwona Shangazi Margaret akirudi mara ya pili?

Kisha nikajiambia, si atatema? Kitu cha kutemwa kina dhambi gani?

Nikanyamaza. Nikamimina kwenye kibuyu taratibu, pembeni, kama ninavyomimina bia kwa mteja anayelalamikia povu. Povu lililobaki nikalipuliza. Kazi safi. Babu angejivunia.

Nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Shangazi alikipokea. Elsie akafumba macho akaanza kuomba. Mzee Sylus akanyanyua mkono.

"Tasa, mwana wa Mwandawiro. Itoke, iende na jua."

Shangazi akachukua funda. Kubwa, la mtu aliyekusudia.

Na mashavu yake yakasimama.

Macho yakafunguka. Kwanza yalishangaa. Halafu yakaenda mbali, mbali sana, mpaka kwenye kengele ile ya ukutani. Halafu yakarudi, yakaanza kutuzunguka mmoja mmoja.

"Sema neno, mama!" akahimiza Elsie, macho bado yamefumbwa. "Usiogope!"

Angesemaje? Mdomo umejaa pombe. Kumeza hawezi, ameokoka. Kutema ovyo hawezi.

"Usiteme bila heri!" Mzee Sylus akapiga kelele, maana alishaona uso umebadilika. "Utaikausha hoteli, utatukausha na sisi tulioketi mbele!" Akasogeza kiti chake pembeni, nje ya njia ya mvua. Upendo wa ndugu.

"Anakataa," Phineas akasema kwa furaha. "Mmeona? Amekataa. Bwana Kaveke, ingia!"

Kaveke akachungulia dirishani. "Mmemaliza?"

Shangazi Margaret akanyoosha mgongo. Akatutazama. Akameza.

Lilisikika likishuka. Nyumba nzima ilisikia.

"Amemeza!" Elsie akafungua macho. "Mama mwenyekiti, umemeza?"

Shangazi akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, polepole.

"Mbangara," akasema.

Nikatazama sakafu yangu. Ina nyufa nyingi, sikuwa nimeziona zote.

"Mzee Sylus!"

"Niliyafunika! Nakuapia, Margaret, niliyafunika na blanketi mbili yasipate baridi!"

Shangazi akamwangalia. "Umeshuka Voi na akili ya Mghange," akasema. "Wewe hukujua. Wewe ungefunika hata moto." Akageuka. "Nani amemimina?"

Hamkuona vidole vilivyonyooka. Cha Phineas kilikuwa cha kwanza, lakini hata cha Kaveke kilipitia dirishani.

"Mkamburi."

"Naam, Shangazi."

"Mimi nimekaa miaka mingi bila kunusa kitu hiki, nimekijua kwa ulimi. Mwenye kaunta hangoji ulimi. Anajua kwa pua, kabla chupa haijafika mezani. Pua yako ilikuambia nini?"

"Nina mafua, Shangazi."

"Mafua."

"Ya vumbi."

Nje kulikuwa na jua la kukaanga mayai. Phineas alicheka mpaka miwani ikamwanguka.

Shangazi hakucheka. Aliinuka bila fimbo. Akaja akasimama mbele yangu, akakichukua tena kibuyu kilekile, akanipa.

"Hasira yangu nimeimeza. Imerudi ilikotoka, na sasa imepata mwenzake. Sitaitoa leo kabla sijajua naiacha kwa nani. Baba alinidanganya: aliniambia kaunta ni yangu, kisha akaninyang'anya mbele ya baa nzima. Wewe nawe nataka kukusikia mbele ya baa nzima. Chukua funda. Kama hukujua, puliza, useme moyo wako ni mweupe. Nitakuamini, nitaitoa yangu, na hoteli ni yako."

"Na kama..."

"Kama ulijua, meza."

"Nikimeza nini kinafuata?"

"Meza uone."

"Akimeza ni mauzo!" akasema Phineas.

"Wewe nyamaza, au nitakutafutia ufagio," Shangazi akamwambia, bila kumtazama.

Mzee Sylus akahamisha kiti chake tena. Safari hii alikipeleka mpaka mlangoni, karibu na piano, akaketi mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakuna aliyemcheka. Alijua, na mimi nilijua, na kuku aliye ndani ya piano alijua, kinachompata mtu anayetasa kwa uongo.

Nikachukua funda.

Ilikuwa nzuri. Niwaambie ukweli huo kwanza, ni wa bure. Tamu mbele, kali nyuma, mbangara ambayo hata Babu angeificha asiuze.

Nimewachosha wiki baada ya wiki kwa mdomo huu. Nimemsema Titus, nimemsema ndovu, nimewasema mpaka walionikopesha paa. Leo hii umejaa, na kila ninachoweza kufanya nao kina bei. Nikipuliza, naipata hoteli na kuikausha kwa pumzi moja. Nikimeza, nimekiri, na Kaveke tayari ameingiza tepu ndani, anapima kaunta.

Shangazi Margaret amezunguka nyuma ya kaunta hiyo. Hajaomba ruhusa. Ameivuta glasi moja kutoka rafuni, akaiangalia kwenye mwanga, akainua ncha ya kanga yake.

Anaipangusa. Taratibu, ndani na nje, kama mtu mwenye muda wote wa dunia.

Ananingoja. Na mashavu yameanza kuniuma.